Kupona na Kutengemaa

Simu ililia alfajiri, nami nimo katika kutawadha. Alikuwa binti yangu, na kabla sijamwitikia salamu alisema: "Mama, amepona." Nilikaa chini pale pale penye kata ya maji, nikalia kilio ambacho sikukilia siku zote tisa ambazo mjukuu wangu alikuwa amelazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi, huko bara, mwendo wa siku tatu kutoka kwetu Pemba. Ulikuwa mwaka 2018, katika mvua za masika. Mtoto alikuwa na umri wa miaka minne.

Mimi ni mtu wa maneno. Skuli niliishia Kidato cha Pili. Kiingereza nilijifundisha mwenyewe kwa redio na kwa ile Kamusi ya Kiingereza–Kiswahili ya TUKI ya mwaka 1996, ambayo jalada lake nimelishona mara mbili kwa uzi wa kushonea mikeka. Natunga mashairi, na kwa riziki natafsiri maandishi ya wengine, na katika kazi hiyo nimejizoeza kulitilia shaka kila neno linalokuja kwa haraka. Lakini asubuhi ile sikulitilia shaka neno la binti yangu. Nililipokea, nikalifunga katika upindo wa kanga, nikaenda kutangaza mtaa mzima kwamba mtoto amepona. Ilinichukua miezi mitatu ya kukaa Karagwe kufahamu kuwa neno lile lilikuwa na tundu.

Tazama, msomaji, jinsi tunavyolitumia. Jahazi likizama, aliyeogelea mpaka ufukweni tunasema amepona. Na aliyeugua homa ikamtoka, akarudi shambani kwake na jembe begani, naye tunasema amepona. Wa kwanza ameyaepuka mauti, wa pili amerudiwa na siha yake, na lugha yetu imewapakia wote wawili katika chombo kimoja. Aghlabu hapana dhara. Lakini yule wa jahazi amelala mchangani, amekunywa maji ya chumvi, hana nguo wala kiatu, na kijiji kiko mbali. Sisi tumekwisha sema amepona, tumeondoka.

Binti yangu alisoma Dar es Salaam, akaolewa na mwalimu mwenzake, Muislamu wa Kinyambo kutoka Karagwe, na huko ndiko walikojenga, karibu na mji wa Kayanga. Nilipanda boti, kisha basi. Wakati ule mabasi hayakuruhusiwa kwenda usiku kucha, kwa hiyo tulilala Kahama, asubuhi tukashika njia ya Nyakanazi, na kadiri tulivyokwenda nchi ilizidi kuinuka na kuwa kijani. Karagwe ni nchi ya vilima na migomba, na katikati ya migomba mna mibuni na maharage, na asubuhi ukungu hulala mabondeni kama maziwa yaliyomwagika. Sikuwa mtu wa kwanza wa Pwani kufika huko. Katika karne ya kumi na tisa, zama za Mtemi Rumanyika, wafanyabiashara kutoka Pwani walikuwa na makazi yao mahali paitwapo Kafuro, wakinunua pembe za ndovu. Nilijiliwaza kwa fikira hiyo. Wao walikuja kwa miguu, na hawakuwa na wa kuwapigia simu.

Bibi wa upande wa pili, mama yake mkwe wangu, alinipokea kwa mikono miwili. Aliniita "Bibi wa Pwani," nami nikamwita "Bibi mwenzangu," na majina hayo tunayo mpaka leo. Akanishika mkono akaniingiza ndani alikolazwa mtoto.

Alikuwa ameegemezwa kwenye mto, mkono wa kushoto umejikunja kifuani kama bawa la kifaranga aliyenyeshewa. Alinitazama, hakunijua. Mtoto huyu kabla ya maradhi alikuwa mwingi wa maneno hata baba yake akimwita Redio. Kwenye simu alikuwa hanipi nafasi ya kumjibu. Sasa alikuwa na maneno matatu. Niliyahesabu: maji, mama, hapana. Sauti yenyewe ilikwaruza, kwa sababu ya mpira uliopitishwa kooni mwake apate kuvuta pumzi. Miguu ilikuwa imekonda hata magoti yakaonekana makubwa. Na usiku aliamka akipiga mayowe. Mlio wowote mwembamba wa kujirudiarudia, hata wa saa ya mezani, ulimtia hofu, kwani ndio mlio wa mashine zilizokuwa zikimlinda. Tuliizima saa ile, tukaifungia sandukuni.

Kwetu Pwani mtu akiugua hatupendi kumwita mgonjwa. Twasema hawezi. Akipata nafuu twasema hajambo. Nilisimama pale mlangoni nikaona kwamba wazee wetu walitamka sawasawa kuliko mimi na binti yangu. Mtoto alikuwa amepona, na alikuwa hawezi.

Maradhi yake yalikuwa malaria kali, ile inayopanda kichwani. Vimelea hujazana katika vishipa vyembamba vya ubongo, mtoto akashikwa na degedege, kisha akazimia. Degedege nalijua tangu utotoni. Kwetu watu walisema ni mdudu wa usiku apitaye juu ya paa, kivuli chake kikimwangukia mtoto basi mtoto hukakamaa. Siicheki imani hiyo; mama yangu alinifukiza kwa ajili yake, na nikaishi. Siku hizi visiwani kwetu malaria imekuwa adimu, vijana wanaisikia kwa masimulizi. Kagera si hivyo. Mkoa ule ni miongoni mwa mikoa ya Tanzania iliyolemewa nayo, na huko vilimani, mvua zikikolea, wodi za watoto hujaa.

Lazima niseme, kwa haki, kwamba waliomtibu mjukuu wangu walimtoa kaburini. Wakati wa utoto wangu dawa ilikuwa kwinini. Mwaka 2010 yalitolewa matokeo ya jaribio lililohusisha watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwamo, na ilionekana kuwa kati ya waliodungwa artesuneti walifariki asilimia 8.5, na kati ya waliopewa kwinini asilimia 10.9. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaelekeza watoto wenye malaria kali watibiwe kwa artesuneti. Kwa hiyo wanaofika ufukweni ni wengi kuliko zamani. Ndipo linapoanza jambo ambalo halikunishughulisha mpaka liliponilaza macho. Utafiti uliofanywa katika Hospitali ya Mulago, Kampala, na kuchapishwa mwaka 2008, uliwapima watoto miaka miwili baada ya kuugua malaria ya kichwani, na karibu mtoto 1 kati ya 4 alikuwa na upungufu katika kufikiri, kukumbuka au kuwa makini. Huko Kilifi, Pwani yetu hii hii, watafiti waliwafuatia watoto waliougua malaria kali wakakuta baadhi yao wamepungukiwa na lugha yenyewe. Niliposoma hayo nilifunga kitabu. Umri wangu wote nimeishi kwa lugha, na sikuwahi kufikiri kwamba mbu anaweza kuila.

Basi tukaanza kazi, bibi wawili. Asubuhi maji ya moto na kukanda. Hapo tulibishana: mimi nilikuja na mafuta ya nazi kutoka Pemba, yeye ana samli ya ng'ombe wake. Baridi ya Karagwe ikayagandisha mafuta yangu chupani yakawa meupe kama nta, naye akacheka mpaka akashika mbavu: "Bibi wa Pwani, hata mafuta yako yanataka blanketi!" Tukatumia samli. Mchana uji wa ulezi na maziwa, ndizi zilizopondwa na maharage, kijiko kimoja kwa dakika nzima, kwa kuwa alikuwa akipaliwa. Jioni mazoezi ya mkono.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo tuliyempata alikuwa mmoja, na watu waliomngoja kwenye benchi ni wengi. Alitufundisha kwa upole, akatushika mikono yetu wenyewe kutuonesha: kifundo cha mkono, kiwiko, bega, kisha vidole kimoja kimoja, nyoosha taratibu, hesabu mpaka kumi, achia. Asipofanyiwa hivyo, alisema, misuli hufupika na mkono ukabaki umekunjika daima. Sisi tulikuwa na bahati, kutoka nyumbani mpaka kwake ilikuwa safari ya bodaboda ya muda mfupi. Kwenye benchi lile nilikaa na mama mmoja aliyetoka mbali upande wa Kyerwa. Nauli yake ya kwenda na kurudi ilikuwa bei ya mikungu miwili ya ndizi, na alikuwa ameambiwa aje mara mbili kwa wiki. Sikumwona tena.

Nilikuwa nikihesabu kwa Kiswahili, bibi mwenzangu kwa Kinyambo, kwa zamu. Wiki ya tano au ya sita, nikiwa nimefika tano, nikashikwa na kikohozi. Mtoto alingoja. Mimi nakohoa. Kisha ikatoka ile sauti ya kukwaruza: "Sita." Bibi mwenzangu akaliachia sinia alilokuwa akipepetea maharage. Hatukumshangilia, maana alikuwa akitishika upesi; nilisema "saba" kama kwamba hapana lililotokea, naye akasema "nane."

Sasa nitasimulia jambo ambalo nimelikaa nalo miaka saba.

Mtoto aliporuhusiwa, wazazi wake walipewa karatasi, nusu ukurasa kwa Kiingereza, kama ilivyo desturi katika hospitali nyingi nchini, kwani karatasi ile daktari humwandikia daktari mwenzake. Sitaitaja hospitali, wala sina la kuilaumu. Binti yangu na mumewe ni walimu, lakini Kiingereza cha darasani na Kiingereza cha madaktari ni lugha mbili, tena mwandiko wenyewe ulikuwa wa haraka. Niliiketia mezani na kamusi yangu jioni mbili. Nilipomaliza, tulijua kwamba dawa ya kuzuia degedege haikuwa ya wiki moja bali ya miezi, na kwamba masikio yake yapimwe, jambo ambalo hakuna aliyelikumbuka, kwa kuwa siku ya kuruhusiwa ilikuwa siku ya furaha na watu wenye furaha hawasikilizi.

Khabari za "mama wa Zanzibar anayesoma karatasi za hospitali" zilitembea. Zilifika sokoni Omurushaka, zikaenda mbele. Watu wakaanza kuja, mmoja mmoja, na karatasi zao zimefungwa katika mifuko ya plastiki. Nyingine zilikuwa za miaka iliyopita. Nilizisoma, nikawaandikia kwa Kiswahili, na kila mara nikawaambia mimi si daktari, warudi hospitali wakaulize.

Siku moja alikuja mwanamume wa makamo kutoka Kyerwa. Alikuwa amepanda gari la abiria la asubuhi kutoka upande wa Nkwenda, na viatu vyake vilikuwa na vumbi jekundu mpaka kwenye kamba. Alikunywa maji, akatoa karatasi. Binti yake, mwenye miaka sita, alikuwa amelazwa katika chumba kama kile cha mjukuu wangu, na alitoka salama. Nikamuuliza mtoto anaendeleaje. Akasema tumemzika, wiki ya nne hii.

Alitaka kujua tu karatasi ilisema nini.

Ilisema mtoto apewe dawa ya kuzuia degedege kila siku na isikatizwe ghafla. Ilisema arudishwe baada ya wiki mbili. Nilikuwa nimeisoma yote kwa mara moja, maana kwa wakati ule mwandiko wa madaktari nilikuwa nimekwisha uzoea, na alikuwa akinitazama usoni. Nilimuuliza kwa njia ya mbali kuhusu dawa. Akasema vidonge alivyopewa viliisha, naye hakununua vingine kwa kuwa mtoto alikuwa amepona. Anacheza, anakula. Kwa nini apewe dawa mtu aliyepona? Degedege lilirudi usiku, na mpaka kupambazuke hapakuwa na chombo cha kumpeleka popote.

Nikamwambia: "Imeandikwa kuwa mtoto alikuwa na maradhi makubwa sana ya kichwani, na madaktari walijitahidi."

Akauliza: "Ni hayo tu?"

Nikasema: "Ni hayo tu, baba."

Aliikunja karatasi, akairudisha katika plastiki, akanishukuru, akatoka kuwahi gari. Katika miaka yote ya kutafsiri, huo ndio mstari pekee niliouruka kwa makusudi. Mpaka leo nikilala naupima, kama niliyomtendea yalikuwa ihsani au khiyana. Labda nyumbani alikuwa na watoto wengine ambao mstari ule ungewafaa. Usiku ule nilimweleza bibi mwenzangu. Alikaa kimya akichambua mchele, kisha akasema: "Alijua. Asingeuliza mara mbili."

Baadaye sana nilisoma kazi ya watafiti waliokuwa Mbarara, Uganda. Mbarara ni jirani wa Kyerwa, unavuka Mto Kagera pale Murongo na kuendelea kaskazini, na lugha za pande zote mbili ni ndugu. Waliwafuatia watoto 1,307 waliolazwa kwa maradhi ya kuambukiza, umri wao kati ya miezi sita na miaka mitano. Wodini walifariki 65. Katika miezi 6 baada ya kuruhusiwa wakafariki wengine 61, na wengi wao hawakufia hospitali. Yaani kwa kila mtoto aliyefia mikononi mwa wauguzi, karibu mwingine mmoja alikufa baada ya jamaa zake kutangaziana kuwa amepona. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2015, miaka mitatu kabla ya yule baba kuja kwangu na karatasi yake.

Wiki iliyofuata bibi mwenzangu alisema twende Mtagata. Mtagata ni chemchemi za maji ya moto, ziko Kyerwa, na yeye ni mzaliwa wa upande huo. Tuliondoka mapema, mtoto katikati yetu. Wilaya ya Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Magharibi mto unaitenga na Rwanda, kaskazini na Uganda. Njia kutoka Omurushaka wakati huo ilikuwa ya vumbi, na kila gari lilipotikisika nilikuwa nikifikiri mtoto anayetetemeka kwa degedege kwenye njia hii usiku wa manane, juu ya bodaboda, kati ya mama na dereva. Tulipita mbali kidogo na Isingiro, iliko hospitali ya misheni ambayo ndiyo kimbilio la vijiji vingi vya huko, na nyuma yetu tulikuwa tumeiacha Nyakahanga, hospitali ya Kanisa la Kilutheri iliyo jirani na Kayanga. Baina ya mahali kama hapo na nyumba ya yule baba pana vilima ambavyo mtu wa kisiwani hawezi kuvihesabu.

Mzungu Stanley alifika Mtagata mwaka 1876, akaandika kuwa sifa ya maji yake ya kuponya imevuma mpaka nchi za jirani. Sina elimu ya kusema kuna nini katika maji yale. Nilichokiona ni watu waliokaa ndani ya maji wakizungumza, bila haraka. Bibi mwenzangu alinieleza kwamba zamani mgonjwa hakuletwa kwa siku moja. Alikaa, yeye na mtu wa kumwangalia, siku kadhaa. Akioga, akilala, akila, mpaka miguu ikubali, ndipo akarejea kwake. Tulimwingiza mtoto, mimi nimemshika mgongo. Mkono ule uliojikunja ukaelea juu ya maji, ukafunguka wenyewe nusu. Alipoutoa nje ukarudi kujikunja. Lakini alikuwa ameuona, na tangu hapo akawa anautazama wakati wa mazoezi, jambo ambalo mwanzo hakulifanya.

Nikiwa nimekaa pale kwenye mawe nilikumbuka neno ambalo miaka kadhaa nyuma nililipinga. Nilipewa kutafsiri waraka wa afya, na waliouleta wakanitaka niandike "huduma za utengemao" kwa matibabu ya kumrudishia mtu uwezo wake baada ya maradhi au ajali. Nikasema neno hili ni la ofisini, halina ladha, hakuna mama atakayelijua. Nimelikosea adabu. Kutengemaa ni kutulia na kukaa sawa, kama nyumba inavyotengemaa baada ya msiba, kama nchi inavyotengemaa baada ya vita. Ni ndugu wa kutengenea. Kupona kwaweza kuwa kwa ghafla, alfajiri moja, kwa simu. Kutengemaa hakuna ghafla. Bibi mwenzangu nilimwuliza kwao wanasemaje, akanipa neno moja, *okukira*, ambalo kwao ni kupona na pia ni kushinda, kuwa zaidi ya mwenzio. Nikamuuliza anamshinda nani? Akasema inategemea ni nani anaendelea kushindana.

Nilipokuwa nikijitayarisha kurudi Pemba niliandika karatasi moja kwa Kiswahili, upande mmoja tu. Kwanza nilimwonesha daktari wa watoto anayefahamiana na mkwe wangu, akasahihisha mambo matatu, moja likiwa kosa ambalo lingeweza kudhuru. Halikuwa na ufasaha wowote. Sentensi ya kwanza ilisema: "Mtoto wako ameepuka kifo, bado hajatengemaa." Kisha: dawa gani, kwa muda gani, na usiikatize hata akiwa anacheza. Akipata homa tena, asingojwe mpaka asubuhi. Aliyetiwa damu kwa upungufu mkubwa aulizwe daktari kuhusu dawa ya kinga ya malaria. Mstari huo niliuongeza baadaye, kwa kuwa majaribio yaliyofanyika Kenya na Uganda na kuchapishwa mwaka 2020 yalionesha kwamba watoto wa namna hiyo wakipewa dawa ya malaria kila mwezi kwa miezi 3 baada ya kuruhusiwa, vifo na kurudi wodini hupungua sana, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza njia hiyo. Chakula kidogo kidogo, mara nyingi. Asiposikia, asiposema kama zamani, akiogopa usiku, hajarogwa wala hana ukaidi. Nyoosha, hesabu mpaka kumi, achia.

Na chini kabisa niliacha mstari mtupu: "Mtu wa karibu wa kumwendea ni ____, anakaa ____."

Mkwe wangu aliitoa nakala skulini kwake, na wauguzi wawili watatu wakawa wanaigawa kwa hiari yao. Baadhi ya nakala zilirudi kwetu mikononi mwa watu waliokuja kuuliza jambo. Karibu zote mstari ule ulikuwa mtupu. Mmoja alikuwa amejaza jina la muuza duka la dawa. Mwingine aliandika "Mungu," nami sikuwa na la kusahihisha.

Mengi yamebadilika tangu hapo, na kwa gari la wagonjwa yamebadilika vizuri. Mwezi Juni 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo–Busisi, la kilomita 3, na anayepelekwa Mwanza kwa barabara hangoji tena kivuko. Njia ya kwenda imekuwa fupi. Ya kurudi ni ile ile, basi na kisha bodaboda na kisha miguu, na hakuna king'ora kinachoisafisha. Serikali ilizindua Januari 2024 mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao kwa miaka mitano watafunzwa 137,294 nchi nzima. Nilipoisikia tarakimu hiyo kwenye redio sikufikiria nchi nzima. Nilifikiria ule mstari.

Mjukuu wangu sasa ana miaka kumi na mmoja. Anasoma, ila huchelewa kulipata neno, na akilikosa hugonga meza kwa kidole mpaka lije. Darasani wenzake wamezoea kumngoja, walimu si wote. Kikombe anakishika kwa mkono wa kushoto kikiwa nusu. Saa ya mezani tumeitoa sandukuni mwaka jana, kwa ruhusa yake.

Miezi michache iliyopita binti yangu alinitumia kwa simu picha ya nakala moja ya karatasi yangu. Imechakaa, ina doa la chai au la udongo, na aliyeileta alitoka kijiji kimoja cha Kyerwa kuulizia dawa ya mtoto wake, ambayo hajaikatiza. Niliikuza picha mpaka chini. Mstari umejazwa kwa kalamu ya risasi, mwandiko wa mtu asiyeandika kila siku: jina la mwanamke, namba ya simu, na mbele yake, "nyumba ya pili ukishapita kisima."